Pikipiki Tupu Haiumwi

Pikipiki tupu haiumwi. Mmeusikia msemo huo mkacheka, kisha mkauliza pikipiki na ugonjwa vilikutana wapi. Haya, songeeni. Aliye mlangoni aingie ndani, aliyekalia mto ampe mwenzake nusu, maana nyumba ikijaa ndiyo maneno yanakolea. Chimbuko la msemo huu ni hili hapa.

Miaka ile bodaboda za Mbinga zikiwa bado za kuhesabika, alikuwepo mkunga mmoja akiitwa Desideria Ndunguru. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Serikali ilikuwa imeshamstaafisha, lakini wanawake wa milimani hawakuwa wamepelekewa nakala ya barua. Mimba ikitimiza miezi saba, jina lililotajwa lilikuwa lake. Atakwenda, atapapasa tumbo, atasikiliza, na akiona jambo halijakaa sawa atasema huyu ateremshwe hospitali wiki hii, asingoje uchungu. Wapo watu wazima leo, wengine wana vitambi, wanaoishi kwa sababu ya neno hilo.

Huko milimani alikwenda kwa pikipiki. Aliachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa bwana shamba, na ilikuwa pikipiki ya kale kwelikweli: tangi la chuma kizito, taa ya mviringo kama sahani, betri ya volti sita ambayo vijana wa siku hizi hawajaiona. Ilimzidi umri mwanawe wa kwanza. Desideria mwenyewe alikuwa mama wa mwili, mama aliyejaa. Alivaa gauni refu, suruali ndani, kitenge kiunoni na mkoba wa kazi mgongoni, na akipita, watoto walikimbia pembeni ya barabara wakiimba jina lake mpaka pumzi iwaishie.

Mwaka huo, kahawa ikiwa imeshavunwa, pikipiki ikaanza kumzimikia njiani.

Ilianza kwa dalili ndogo. Honi ikakoroma. Taa za kuonyesha kona zikawaka bila kupepesa. Kisha injini ikakohoa mara mbili tatu, kimya. Betri imekwisha. Mnajua, pikipiki ikitembea inatengeneza umeme wake yenyewe na kuujaza kwenye betri, ndiko kuchaji huko. Isipochaji inakuwa kama mtu anayekula akiba ya ghalani bila kwenda shamba: siku mbili tatu atashiba, ya nne atashika tama.

Desideria akaisukuma mpaka kwa Osmund.

Karakana ya Osmund Kapinga ilikuwa nyuma ya soko. Osmund alikuwa fundi hodari, mwembamba kama spoki, mtu wa maneno machache. Maneno aliyoyapunguza yeye aliyaongeza Kandidus, dereva mstaafu wa lori, ambaye hakuwa na pikipiki wala baiskeli lakini hakukosa pale hata siku moja. Habari za mji mzima zilipita kwa Kandidus, na nyingine zilitoka zikiwa zimenenepa.

Sasa sikilizeni desturi ya pale, maana kisa chote kimelala hapo. Mteja akifika, anashuka. Anapewa kigoda na kikombe cha kahawa. Pikipiki inapandishwa kwenye stendi kubwa, na mteja haigusi tena mpaka akabidhiwe. Hiyo ni kwa kila mtu. Kwa mama mtu mzima, desturi ilizidi kuwa sheria. Fundi hawezi kuinamisha kichwa chini ya siti aliyoikalia mama wa umri wa mama yake. Nani atamtazama tena usoni? Kwa hiyo Desideria alipofika, walimpokea mkoba, wakamfutia kigoda, wakamweka mbali kabisa, karibu na mlango, penye upepo.

Osmund akaijaza betri, akaiwasha pikipiki, akaunganisha mita ya kupimia umeme. Mshale ukapanda mpaka volti saba, juu ya zile sita za betri, ukatulia.

"Inachaji, mama," akasema. "Tena vizuri. Labda ulisahau kuzima swichi siku ile."

"Sikumbuki kusahau," Desideria akajibu.

Kandidus akacheka ndani ya kikombe. "Na anayekumbuka kusahau ni nani?"

Wote wakacheka, na Desideria naye akacheka. Lilikuwa jibu zuri.

Wiki mbili baadaye ikamzimikia tena. Safari hii Osmund akaweka betri mpya, akapima, mshale ukasimama palepale kwenye saba. Akaipanda mwenyewe mpaka kanisani na kurudi. Haikukohoa. Ya tatu ilikuwa vilevile: imekuja ikisukumwa, imepandishwa stendi, imepimwa, haina kitu. Osmund akafuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo, akasema kwa upole, "Mama, chombo hiki ni kizima. Tazama swichi yako kila unaposimama."

Hakusema zaidi, lakini Kandidus alikuwepo, na jioni ile mji ukapata neno. Mkunga anasahau. Mkunga anaacha swichi wazi. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga ilishakuwa kwamba alisahau hata njia ya kwake. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walisema kwa huruma, na huruma ya namna hiyo, wajukuu zangu, inauma kuliko tusi, maana tusi unaweza kulijibu.

Kilichomtesa Desideria si watu. Ni mama yake mzazi. Miaka yake ya mwisho yule bibi aliamka kila asubuhi, akamtazama Desideria aliyemletea uji, akauliza kwa adabu, "Na wewe ni binti wa nani?" Sasa Desideria hakuchomoa tena ufunguo wa pikipiki akaondoka tu. Aliutazama ufunguo kiganjani, akasema kwa sauti, "Nimezima." Akifika mlangoni anageuka kwenda kuhakikisha. Akaufunga kwa uzi akauvaa shingoni pamoja na rozari. Usiku, kabla ya kulala, alijitajia majina ya wajukuu wote tisa kwa mpangilio, na siku moja alipokwama kwa wa saba akakaa kitandani akilia, mpaka jina lilipokuja lenyewe.

Mara ya nne ilikuwa njia ya Luhangai. Kulikuwa na binti wa watu, mimba yake ya kwanza, miguu imevimba, kichwa kinamgonga siku ya pili. Desideria akapanda mlima na pikipiki ikamfia katikati ya kona, pasipo na nyumba. Akaiegemeza kwenye ngema, akapanda kwa miguu saa moja na nusu. Alipofika, watu walikuwa wameshamweka binti kwenye machela, wanateremka naye wenyewe. Wakakutana njiani. Akampima hapohapo kando ya njia, akawapa barua ya hospitali, wakawahi. Mama na mtoto wakapona. Lakini alipokuwa akifunga mkoba alimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Na mkunga wetu naye kachoka, jamani."

Habari hiyo ilimfikia mwanawe, Gordian, aliyekuwa mwalimu Songea. Gordian hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto mwenye hofu, na baba yake alipokufa hofu ile ilirithi nyumba nzima. Akapiga simu.

"Mama, nimepata mtu wa kuinunua. Anapenda vyombo vya zamani. Jumamosi tutakuja kuichukua."

"Na mimi nitakwenda milimani na nini?"

"Mama, umekwenda vya kutosha. Kaa nyumbani upumzike. Ungeanguka kule kona nani angekuokota?"

Swali lilikuwa la haki.

Ijumaa alikaa barazani akiitazama pikipiki. Ilikuwa imepumzika siku sita tangu ilipotoka tena kwa Osmund, baada ya ile kona ya Luhangai, ikiwa imejazwa betri tu. Akaenda, akapiga kiki moja. Ikaunguruma. Akaizima, akarudi kukaa. Akaanza kufikiri kama alivyozoea kufikiri kazini, polepole, kitu kimoja baada ya kingine. Kama ni swichi ninayosahau, basi ingekufa hapa nyumbani, imesimama. Lakini hapa haifi. Siku sita imekaa na ni nzima. Kwa Osmund haifi. Osmund kaipanda mpaka kanisani, haikufa. Inafia wapi? Inafia njiani. Inafia chini ya nani?

Chini yangu.

Jumamosi asubuhi akaenda karakana kabla ya wengine. Akawakuta Osmund na Kandidus wamekaa. Osmund akainuka kukifuta kigoda kilekile.

"Karibu, mama. Shuka."

"Leo sishuki," akasema Desideria.

Osmund akasimama na kitambaa mkononi. "Mama?"

"Ipandishe stendi mimi nikiwa juu. Halafu weka hicho kimita chako upime."

"Mama, mita inaunganishwa hapo chini ya siti. Nitapitisha kichwa wapi?"

"Utapitisha panapopita."

Kandidus akaweka kikombe chini. "Mama Gordian, hebu tusitiriane. Watu wanapita hapa kwenda sokoni. Fundi atainama hapo, wewe umekaa hapo juu, kesho tutasemaje?"

"Kesho wewe utasema, Kandidus, kwani lini ulikosa la kusema?" Kisha akamgeukia Osmund, na sauti ikashuka. "Wewe mwanangu, unajua ulizaliwaje? Ulitanguliza miguu. Mama yako alikuwa na siku mbili za uchungu, na mkono huu ndio uliokugeuza. Kati yangu na wewe, aibu ipi imebaki?"

Osmund akainama akatazama viatu vyake. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Halafu nikuulize jambo la kazi, fundi kwa fundi," Desideria akaendelea. "Mjamzito akija kwangu, namwambia aache tumbo nyumbani ndipo nimpime? Wewe mara tatu umepima pikipiki ambayo mimi sipo. Mimi ndiye ninayezimikiwa. Nipime nikiwemo."

Wakati huo Gordian, aliyemkosa mama yake nyumbani, akaingia na gari la kukodi, pamoja na yule mnunuzi, bwana mpole mwenye kofia. Akamwona mama yake amekaa juu ya pikipiki katikati ya karakana, na Osmund amepiga magoti pembeni.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninapimwa. Subiri."

Osmund akaunganisha mita bila kuinua macho. Akamsaidia kuisimamisha kwenye stendi, Kandidus akishika usukani kwa mbele, na kwa mara ya kwanza mzee yule alikuwa na kazi. Injini ikawashwa. Mshale ukapanda mpaka saba.

"Saba," akasema Osmund kwa huzuni, kama mtu anayetoa habari za msiba.

Desideria alikuwa bado amejinyanyua kidogo, mikono ikibeba uzito, kwa sababu hata yeye alikuwa akiona haya. Akashusha pumzi. Akakaa sawasawa, kama anavyokaa njiani.

Mshale ukaanguka. Ukapita sita, ukaenda chini taratibu, wala haukurudi.

Osmund aliigonga mita kwa kidole, mshale ukabaki vilevile.

"Nyanyuka, mama, kidogo tu."

Akanyanyuka. Saba.

"Kaa."

Akakaa. Ukaanguka.

"Teremka, tafadhali. Nikae mimi." Osmund akapanda na wembamba wake wote. Saba, mshale haukutikisika. Akashuka mbiombio, akaizima injini, akafungua siti. Chini yake zilipaswa kuwepo raba nne za kuinua lile bati la siti lisigandamize kitu. Tatu zilikuwa zimeliwa na miaka, ya nne haikuwepo. Na hapohapo ulipita waya unaoleta umeme kutoka kwenye injini kwenda kuchaji betri. Ganda lake lilikuwa limesagika mpaka shaba inang'aa, upana wa ukucha. Mtu mwepesi akikaa, bati halifiki. Pikipiki ikiwa tupu, halifiki. Mama mwenye mwili na mkoba wake akikaa, bati linaukandamiza ule waya kwenye chuma cha pikipiki, na umeme wote unamwagikia kwenye chuma badala ya kwenda kwenye betri. Anakwenda milimani akila akiba. Katikati ya mlima akiba inakwisha.

Osmund akamwonyesha Desideria pale palipong'aa. Desideria akaweka kidole juu yake, akakaa nacho pale muda mrefu. Alikuwa hatazami waya. Alikuwa anawataja kimoyomoyo wajukuu tisa, mmoja mmoja, na wote walikuja, hata wa saba.

"Kwa hiyo sikusahau," akasema.

"Hukusahau, mama. Hata mara moja."

Akaketi kwenye kigoda mwenyewe, bila kufutiwa, akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Gordian akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga njiani kutoka Songea, na yote yalikuwa hayana kazi tena.

"Mama, nilifikiri..."

"Najua ulivyofikiri, baba. Nami nilifikiri hivyohivyo, ndiyo maana nalia."

Gordian akamgeukia fundi kwa hasira, kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka. "Lakini ninyi mlipima. Mara tatu mmepima mkasema ni nzima. Mlipima nini?"

Osmund hakujitetea. Alikuwa ameshika ile siti kifuani kama sinia. Akasema taratibu:

"Tulipima pikipiki tupu, mwalimu. Na pikipiki tupu haiumwi."

Kandidus akarudia chini ya pumzi, akiyaonja. "Pikipiki tupu haiumwi." Mnamjua mtu wa namna ile, neno zuri likimpitia halilali kwake. Kabla ya mchana lilikuwa limeshafika sokoni, na safari hii, kwa haki yake, alilisema pamoja na toba. Alikwenda mpaka kwenye mashine ya kusaga, akasimama mbele ya foleni, akatangaza kwamba mkunga hasahau, waliosema anasahau walikosea, na wa kwanza ni yeye.

Osmund akavika ule waya ganda jipya, akaupitisha pembeni, akakata raba nne kutoka kwenye tairi kuukuu akazipachika chini ya siti. Yule bwana mwenye kofia akaizunguka pikipiki mara moja, akapapasa tangi, akasema ni chombo kizuri na kwamba, kwa kuwa mwenyewe bado anakihitaji, asingependa kukinunua tena. Gordian akamrudisha stendi ya mabasi kwa gari la kukodi. Naye Desideria akapiga kiki, akakaa kwa uzito wake wote, akaenda Luhangai kumtazama yule binti na mtoto wake. Alikwenda akarudi, honi inalia.

Na karakana ile ikabadilisha desturi. Mpaka leo ukifika na chombo kibovu, kabla ya kahawa unaambiwa: panda kwanza, kaa unavyokaaga.

Lakini msemo hukua kama mtoto, hautulii ulipozaliwa. Miezi michache baadaye alimjia Desideria mtu mmoja wa milimani, Otmar Hyera. Alikuwa na kinyongo. Mke wake, alisema, ana mimba ya miezi sita na kila siku analalamika mgongo, tumbo, kizunguzungu. Amempeleka zahanati mara mbili, mara zote wamepima wakasema hana kitu. "Sasa mama, uniambie wewe. Si anadeka huyu?"

Desideria alikuwa akipanga vitu kwenye mkoba, tayari kwenda kumwona mwanamke huyo. "Zahanati walimpima akiwaje?"

"Akiwaje? Alikuwa amelala kitandani. Tulifika asubuhi, akapumzika kwenye benchi, kisha akaitwa."

"Ulimpeleka kwa chombo gani?"

"Kwa pikipiki. Nilikodi."

"Vizuri. Na nyumbani anabeba nini?"

"Anabeba kawaida tu, mama, kama wanawake wengine. Maji, ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, kisima kiko bondeni. Kuni, siku moja moja. Kuna mama yangu, hawezi kutembea tangu mwaka juzi, huyo anamnyanyua kumpeleka nje na kumrudisha. Halafu yule mdogo wetu bado analia asipobebwa mgongoni. Na wakati huu wa palizi..."

Hapo Otmar akasita. Desideria hakumsaidia. Aliendelea kukunja kitambaa chake, akakiweka mkobani, akafunga zipu. Otmar alikuwa akivitazama viganja vyake kama aliyeambiwa avihesabu vidole. Yeye naye alishakunywa kahawa kwa Osmund. Naye alishacheka pale.

"Pikipiki tupu," akasema polepole, akiwa bado anatazama viganja.

"Eh?"

"Pikipiki tupu haiumwi, mama."

Akainuka, akaomba ruhusa ya kutangulia, akasema mkunga afuate tu taratibu, yeye anawahi, maana saa hizi ndipo mkewe anapoteremka kisimani.